Elimu tuliyoiweka ndani ya mashine ni amana ya nani?

MIONGONI mwa mambo ambayo Uislamu umeyatilia mkazo mkubwa ni suala la amana. Kila Muislamu anajua kuwa akikabidhiwa fedha, shamba au mali ya yatima, ipo siku ataulizwa namna alivyokitunza alichokabidhiwa. Katika hilo hatuna ubishi. Lakini ipo amana moja ambayo katika zama hizi tunaipokea kila siku na kuwakabidhi wengine kila siku, na wala haitupitii akilini kuwa ni amana. Nayo ni maandishi, sauti na picha tunazoziweka ndani ya kompyuta, simu na mitandao.

Swali ninalotaka tulijadili, ndugu msomaji, ni hili: elimu na kumbukumbu za watu zikishaingizwa ndani ya mashine, ni nani mwenye wajibu wa kuhakikisha kuwa miaka hamsini ijayo bado zinasomeka? Na zikipotea, tuseme ni kadari tu, au yupo wa kuulizwa?

Huenda wapo watakaosema kuwa haya ni maswali ya watu wa vyuo vikuu, sisi huku mpakani yanatuhusu nini? Nasema yanatuhusu sana. Mji wetu wa Tunduma unaishi kwa nyaraka. Malori yanayopanga foleni kwenda Nakonde, Zambia na kisha Kongo, hayatembei kwa dizeli peke yake, yanatembea kwa karatasi zilizokamilika. Zamani wakala wa forodha ulimtambua kwa mafaili aliyobana kwapani. Leo, hasa tangu Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kilipozinduliwa rasmi Oktoba 2019, sehemu kubwa ya kazi hiyo imo ndani ya mifumo ya kompyuta. Dereva akiambiwa "mtandao uko chini" haulizi maana yake, anatafuta mahali pa kulala.

Hata hivyo, mfumo ulioanguka leo kesho unasimama. Mwezi Mei 2024, nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya Bahari ya Hindi zilipokatika, Tanzania na majirani zake walisumbuka kwa siku kadhaa, kisha mambo yakarejea. Mimi sizungumzii usumbufu wa siku kadhaa. Nazungumzia kitu kupotea moja kwa moja, tena bila mtu yeyote kujua kuwa kimepotea mpaka siku kinapohitajika.

Kuweka si kuhifadhi

Kosa letu la kwanza ni kudhani kuwa kitu kikishaingizwa kwenye kompyuta kimeshahifadhiwa. Daftari la karatasi likiepushwa na mchwa, moto na maji, laweza kukaa kabatini miaka mia bila kuguswa, na atakayelifungua atalisoma maadamu anajua herufi. Maandishi ya kompyuta hayako hivyo. Yenyewe yakiachwa bila kuguswa ndiyo yanakufa.

Kwanza kinakufa kile chombo. CD inachubuka na kuchakaa, fleshi inaacha kusoma, diski ya kompyuta inagoma siku moja bila taarifa. Pili inakufa programu. Chombo kinaweza kuwa kizima, lakini ile programu iliyoandika faili ikawa haitengenezwi tena, na programu mpya hazilielewi. Tatu inatoweka mashine ya kusomea. Wangapi kati yetu wana kanda za mawaidha za miaka ya themanini na tisini, wakiwemo watu wenye kanda za Sheikh Nassor Bachu, na nyumbani hawana tena redio kaseti ya kuzipigia? Tulizihamishia baadhi kwenye CD, kisha kwenye memori kadi, na kila tulipohama kuna zilizobaki nyuma.

Wala tusidhani kuwa ni maradhi ya masikini. Mwaka 1986 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha sensa ya ardhi cha mwaka 1086 kwa kukusanya picha na maelezo ya nchi nzima na kuyaweka kwenye diski za kisasa kwa wakati ule. Haikupita hata miaka 20, mashine za kuzisoma diski zile zikawa zimeadimika, ikabidi wataalamu wafanye kazi kubwa kuviokoa vilivyomo. Kile kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 bado kinasomeka. Mwaka 2019 nao mtandao wa Myspace ulitangaza kuwa nyimbo, picha na video ambazo watu walikuwa wameziweka kwa miaka mingi zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Wenye mali walikuwa wamelala wakiamini kuwa mali yao iko mahali salama.

Waliotangulia walifanyaje?

Muislamu akikutana na jambo jipya huangalia waliotangulia walilikabili vipi jambo linalofanana nalo. Nasi tuna mfano ambao hakuna umma mwingine wenye mfano wake.

Baada ya kuuawa mahafidh wengi katika vita vya Yamama, Sayyidna Umar (r.a.) alimwendea Khalifa Abubakar Siddiq (r.a.) na kumshauri kuwa Qur'an ikusanywe pamoja. Abubakar alisita mwanzoni, kwani alijiuliza vipi afanye jambo ambalo Mtume (s.a.w.) hakulifanya. Alipokubali, kazi akapewa Zayd bin Thabit (r.a.), naye akaiona nzito kuliko kuhamisha mlima. Zayd mwenyewe alikuwa hafidh, lakini hakutegemea kifua chake peke yake. Alikusanya yaliyoandikwa kwenye vipande vya ngozi, mifupa na makuti, akayalinganisha na yaliyohifadhiwa vifuani, akataka ushahidi. Baadaye, katika ukhalifa wa Uthman (r.a.), zikaandikwa nakala na kupelekwa katika miji mbalimbali ya Kiislamu, na inaelezwa kuwa nakala ziliandamana na wasomaji wa kuwafundisha watu.

Hebu tulizingatie hilo. Allah Mtukufu ameshaahidi katika Suratul Hijr, aya ya 9, kuwa Yeye ndiye atakayeulinda Ukumbusho Wake. Masahaba waliijua ahadi hiyo kuliko sisi. Je, waliketi wakasema Mwenyezi Mungu atailinda? La hasha. Walihangaika, wakaandika, wakahakiki, wakanakili na kusambaza. Basi ikiwa Kitabu chenye ahadi ya ulinzi wa Mola kilihangaikiwa namna hiyo, vipi daftari letu la ndoa, hati ya wakfu au mawaidha ya sheikh wetu, ambavyo havina ahadi yoyote, tuviache kwenye kompyuta moja na kusema tunatawakali?

La kushangaza ni kuwa wataalamu wa maktaba wa leo, baada ya kuhangaika na mashine zao, wamefikia mambo yale yale. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani kilianzisha mpango wa maktaba ambao jina lake kwa kifupi linabeba maana kwamba nakala nyingi ndizo zinazokilinda kitu. Maktaba nyingi zinashika nakala ya kitu kile kile, na kompyuta zao zinaulizana mara kwa mara kama nakala zote bado zinalingana. Ikionekana moja imeharibika, inarekebishwa kutoka kwa zile zilizo nzima. Namna ya kulinganisha ni kupiga hesabu. Kila faili linapigiwa hesabu inayotoa namba yake. Likibadilika hata herufi moja, ukipiga tena hesabu ile inatoka namba nyingine, na hapo unajua kuwa faili limeguswa au limeoza.

Na mwaka 2003 ulipitishwa mwongozo wa kimataifa wa hifadhi za aina hii, ambao chimbuko lake ni watu wa safari za anga za juu waliokuwa na rundo la taarifa za vyombo vyao. Mwongozo huo unasema kuwa haitoshi kulitunza faili. Mtunzaji lazima ajue anawatunzia watu gani, na atunze pamoja nalo kila kinachohitajika ili watu hao walielewe. Hii ni sawa na kuupeleka msahafu pamoja na msomaji wake.

Na hapo pana jambo zito kwetu sisi Waswahili. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayo miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na J.W.T. Allen, na mingi imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tuseme kila ukurasa umepigwa picha nzuri na picha zimetunzwa bila doa. Kama wajukuu zetu hawatajua kuisoma hati ile, tumehifadhi nini? Tumehifadhi wino. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa elimu huondoka kwa kuondoka wanavyuoni. Mashine inaweza kurefusha maisha ya maandishi, lakini haiwezi kuwa mrithi wa mwanachuoni. Anayejenga maktaba ya kompyuta na kuifunga madrasa hajahifadhi elimu.

Somo la Lamu na London

Wapo wanaosema kazi hii ni kubwa, tuwaachie wenye uwezo. Tutazame yaliyotokea. Katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, kuna miswada ya kale ya elimu ya dini. Katika miaka ya 2010 miswada hiyo ilipigwa picha za kompyuta kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Utaratibu wa mpango huo ni mzuri: miswada yenyewe haihamishwi, inabaki kwa wenyewe, na picha zinawekwa kwenye mtandao ili zisomwe popote.

Oktoba 2023 wahalifu wa mitandao waliishambulia Maktaba ya Uingereza, wakafunga mifumo yake na kudai fedha. Huduma zake za mtandaoni zikakatika kwa miezi mingi, na tovuti ya mpango huo ikawa miongoni mwa zilizozimika. Maktaba ile ina majengo, wataalamu na bajeti ambayo sisi hatuioti. Hata hivyo, kwa kipindi kile, aliyetaka kuisoma miswada ya Lamu alikuwa na uhakika wa mahali pamoja tu, napo ni Lamu kwenyewe.

Silisemi hili kwa kuwasimanga waliosaidia. Walifanya wema na nakala ile ina thamani. Ninachosema ni kuwa tunaweza kumpa mwenzetu nakala atutunzie, lakini wajibu hauhami. Watu wa Timbuktu, Mali, walilielewa hilo. Walipovamiwa mwaka 2012, wenye maktaba na wananchi waliingiza miswada kwenye masanduku na kuisafirisha kwa siri hadi Bamako, kwa magari na kwa mitumbwi. Wavamizi walipoondoka Januari 2013 walichoma maelfu ya miswada waliyoikuta, lakini sehemu kubwa zaidi ilikuwa imeshaokolewa na wenyewe. Hawakungoja mtu kutoka nje.

Nani ataulizwa?

Sasa turudi kwenye swali letu. Naufahamu msikiti mmoja, sitautaja, ambao kijana mmoja alijitolea kuingiza kumbukumbu za ndoa kwenye kompyuta ya ofisi. Watu walifurahi, wakaona msikiti umeendelea. Madaftari ya zamani yakatupwa stoo, mvua ikayakuta huko. Kijana akapata kazi mji mwingine. Kompyuta ikafa, fundi akasema diski imekwisha. Miaka michache baadaye akaja mjane ambaye shemeji zake wanadai hakuwahi kuolewa na ndugu yao, na nyumba wanaitaka. Cheti chake kilikuwa kimepotea. Akaambiwa alete mashahidi wa ndoa. Mmoja ameshafariki, wa pili alihamia Ndola na hajulikani alipo.

Nani amemdhulumu mama huyu? Kijana? Alifanya kazi ya kujitolea. Fundi? Hakukabidhiwa chochote. Kamati? Watasema hawajui kompyuta. Kila mmoja ana udhuru, na haki ya mtu imepotea. Hivi ndivyo dhulma ya zama hizi inavyotokea, hakuna mkono unaoonekana kuifanya.

Masheikh watanisahihisha, lakini nadhani fiqhi yetu inalo jibu. Mwenye kukabidhiwa amana hailipi ikiharibika bila uzembe wake. Akizembea, anadhaminishwa. Na katika kupima uzembe, mafaqihi waliangalia kama kitu kilitunzwa mahali panapostahiki kitu cha aina yake kwa desturi ya watu. Dhahabu mahali pake ni sandukuni, mbuzi mahali pake ni zizini. Aliyeiacha dhahabu zizini hawezi kusema ni kadari ya Mwenyezi Mungu.

Je, faili la kompyuta mahali pake ni wapi? Zamani kidogo mtu angeweza kujitetea kuwa hakujua. Leo hakuna mwenye simu ambaye hajawahi kupoteza picha au namba za watu. Tumeshajua sote kuwa vyombo hivi vinakufa. Kwa hiyo mahali pa faili si chombo kimoja, hata kiwe cha bei gani. Mahali pake ni nakala kadhaa, sehemu tofauti, zenye mtu wa kuzikagua. Aliyeweka haki ya mtu kwenye kompyuta moja na kuondoka, nakhofia kuwa ameiacha dhahabu zizini.

Na wajibu huu ni wa nani? Naona ni fardhi kifaya, kama kumsalia maiti. Wakitokea wa kuutekeleza, wengine wamesalimika. Asipotokea hata mmoja, mji mzima una lawama. Lakini yule aliyekubali kukabidhiwa, awe katibu wa msikiti, mwalimu wa madrasa au kijana wa kompyuta, kwake umekwisha kuwa wajibu wake binafsi mpaka atakapomkabidhi mwingine.

Je, kila kitu kihifadhiwe?

Hapa ipo hoja ambayo ni lazima tuijibu kwa uadilifu. Dini yetu inaamrisha kusitiri aibu na inakataza kupelelezana. Mashine zinazohifadhi kila kitu hazijui kusitiri. Kijana aliyeteleza akiwa na miaka kumi na saba, akatubia, picha yake bado inazunguka kwenye simu za watu. Mola wake amemsamehe, mtandao haujamsamehe. Je, nikisema tuhifadhi, sitakuwa nawasaidia wenye kuhifadhi aibu za watu?

Jibu langu ni kuwa amana ina pande mbili. Kuna kinachotunzwa kisipotee, na kuna kinachotunzwa kisienee. Haki za watu, yaani madeni, ndoa, talaka, mirathi na wakfu, lazima zibaki. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na inatukataza kuona uvivu kuliandika liwe dogo au kubwa. Elimu nayo lazima ibaki na ienezwe. Ama siri na aibu za watu, hizo hazina haki ya kukaa milele, na kuzifuta ni katika kuzitunza. Hata sheria za nchi zimeanza kuliona hili: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti kwa wanaokusanya na kutunza taarifa za watu. Kwa hiyo mtunzaji mwema hapimwi kwa wingi wa alivyonavyo, anapimwa kwa kujua kipi abaki nacho na kipi akiache kiende.

Tufanye nini?

Serikali inayo sheria yake ya nyaraka na kumbukumbu ya mwaka 2002, na inayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Vyuo vikuu kama Dar es Salaam na Sokoine vina hifadhi zao za mtandaoni. Misikiti, madrasa na jumuiya zetu hapa Tunduma, Vwawa na kwingineko hazina mtu wa kuzifanyia isipokuwa sisi wenyewe, na yanayotakiwa si makubwa.

Kwanza, tusitupe daftari kwa sababu tumepata kompyuta. Ndoa, talaka na wakfu viandikwe kwa wino na viingizwe kwenye kompyuta pia. Pili, ziwepo nakala tatu, na mojawapo ikae nje ya mji, mathalani kwa jumuiya ndugu iliyoko Mbeya au Dar es Salaam, imefungwa kwa neno la siri ili isisomwe na kila mtu. Tatu, faili ziandikwe kwa namna zinazofunguka kwenye programu nyingi, isiwe programu ya kampuni moja. Nne, kila mwaka kabla ya Ramadhani, tunapopaka rangi msikiti, zile nakala zifunguliwe na kukaguliwa, na zilizoko kwenye chombo kinachozeeka zihamishwe. Tano, liandikwe jina la mtunzaji na jina la atakayempokea, na makabidhiano yafanyike mbele ya kamati kama tunavyokabidhiana funguo.

Zaidi ya hayo, wapo wazee katika mji huu walioiona reli ya TAZARA ikijengwa miaka ya sabini, na wanaojua misikiti yetu ya kwanza ilijengwa na nani na kiwanja kilitolewa na nani. Simu ya kurekodi kila kijana anayo. Lakini kumrekodi mzee kisha ukabadilisha simu na sauti yake ikapotea humo ni kumzika mara mbili.

Fedha za kazi hii hazifiki hata bei ya zulia la msikiti. Kinachokosekana ni kuiona kuwa ni ibada. Mjane yule hakuhitaji maktaba kubwa kama ya London. Alihitaji mstari mmoja tu wenye jina lake, jina la mumewe na tarehe, na mtu aliyekumbuka kuutunza.

Wabillah Tawfiq.